Sababu gani dunia haikusikia habari za Kikyo?



Katika mwezi wa Aprili 1998 mamia ya raia waliuawa ndani ya kambi ya waaskari ya Kikyo, upande wa kaskazini wa mji wetu wa Butembo. Waliowaua hawakuwa wanyang'anyi wa porini. Walikuwa waaskari wa serkali ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa jeshi la Rwanda. Maana siku zile majeshi hayo mawili yalitumika pamoja, na mkuu wa majeshi ya Kongo mwenyewe alikuwa ofisa wa Rwanda. Mayi-Mayi walikuwa wameshambulia kambi. Kisha waaskari waliingia mjini, wakapekua nyumba, wakakamata watu, wakawapeleka Kikyo. Wengi hawakurudi.

Sisi waseminari, karibu sote tulizaliwa baada ya mwaka ule. Habari hii tuliipata kwa wazazi wetu, jioni, kwa sauti ya chini. Baadaye tulianza kusoma vitabu vya historia na magazeti ya zamani ya Ulaya. Tulitafuta jina la Kikyo, tukakuta karibu si kitu.

Neno hili linatusumbua. Serkali inaua watu wake, mji mzima unajua, na dunia haijui: sababu gani? Hatutaki kujibu kwa hasira tu, kwani hasira haifundishi mtu. Tunataka kuchunguza sababu moja moja, kama tunavyofundishwa kufanya katika kila jambo, ili mwisho tujue ni ipi iliyo mikononi mwetu.

I. Mwenye kosa ndiye mwenye ufunguo

Tukumbuke kwanza habari ya Naboti katika Kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu, na Naboti alikataa kuliuza. Basi Yezabeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakatangaza siku ya kufunga, mashahidi wawili wa uongo wakasimama, na Naboti akapigwa mawe. Tuangalie vema: mambo haya yote yalifanyika mchana, mbele ya watu, kwa muhuri na kwa korti. Msafiri aliyepita siku ile angeambiwa kwamba mtu mwovu ameadhibiwa kwa sheria. Naye angeendelea na safari yake.

Hapo ndipo kosa la serkali linapoachana na kosa la mtu mmoja. Mwizi anaficha kazi yake kwa giza. Serkali inaficha kazi yake kwa muhuri. Yenyewe ndiyo yenye kizuizi barabarani, yenye uwanja wa ndege, yenye redio, yenye korti, yenye karatasi ya kuruhusu mgeni kupita. Anayetaka kujua lililotendeka sharti aombe ruhusa kwa yule yule aliyelitenda.

Mambo ya mwaka ule yanaonyesha neno hili wazi. Tangu 1997 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ametuma watu Kongo kuchunguza mauaji ya wakimbizi wa Rwanda. Serkali iliwazuia mara nyingi. Kisha, katika Aprili 1998, mmoja wao alikamatwa Goma, na karatasi zake zikapekuliwa. Mwezi ule ule Kofi Annan akawaondoa wote katika inchi. Basi tulinganishe tarehe. Wakati watu wetu walipokuwa wakizikwa Kikyo, wageni wenye kalamu na uwezo wa kuuliza walikuwa wakifunga mizigo yao.

II. Rafiki wa wakubwa hapigiwi kelele

Katika Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alimwondoa Mobutu, aliyetawala tangu 1965. Inchi kubwa zilichoka na Mobutu, nazo zilitumaini kwamba viongozi wapya wa Afrika watatengeneza mambo. Tarehe 25 Machi 1998 Rais Clinton wa Marekani alikutana Entebbe, katika Uganda, na wakubwa wa inchi zetu. Kabila alikuwa kati yao. Tangu mkutano ule mpaka mauaji ya Kikyo hazikupita juma nne.

Tusiseme kwamba waliokaa Entebbe walitaka watu wa Butembo wafe. Hatuna haki ya kusema vile. Lakini tujue namna habari zinavyokwenda. Waandishi wengi wa magazeti makubwa wanasikiliza kwanza yale ambayo wakubwa wa inchi zao wanayasema. Waziri akilalamika juu ya serkali fulani, kesho yake gazeti linauliza. Waziri akinyamaza, gazeti linaandika mistari miwili, ao haliandiki kitu. Hivi serkali yenye urafiki na wakubwa inapata mapazia mawili: moja lake, na moja la rafiki zake.

Mambo haya hayakutokea kwetu tu. Katika Zimbabwe, tangu 1983, kikosi cha tano cha jeshi la serkali kiliua maelfu ya raia katika Matabeleland. Siku zile Robert Mugabe alisifiwa Ulaya kama kiongozi mwenye busara. Hata katika 1994 Uingereza ilimpa heshima kubwa. Walioleta habari mbele ya watu kwa utaratibu ni nani? Ni Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani ya inchi ile, pamoja na wanasheria waliotumika nayo. Walikusanya ushuhuda kijiji kwa kijiji, wakatoa ripoti yao katika 1997. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya kumi. Neno hili la Zimbabwe tulishike, kwani tutalirudia.

III. Gazeti lina mfuko, tena lina macho

Kutengeneza gazeti ni kazi ya franka. Mara nyingi gazeti kubwa la Ulaya lina mwandishi mmoja tu Nairobi, na yeye mmoja anaangalia inchi kumi. Akitaka kufika Butembo, sharti apate ndege, ruhusa, mtafsiri, na fasi salama ya kulala. Mkubwa wake atamwuliza maneno matatu. Kuna mtu wa inchi yetu aliyekufa? Kuna picha? Wasomaji wetu wataelewa habari hii kwa mistari ishirini? Juu ya Kikyo jibu lilikuwa hapana mara tatu.

Kwa kupima nguvu ya picha, tuende Goma, mji mkuu wa jimbo letu. Tarehe 30 Agosti 2023 walinzi wa Rais walipiga risasi watu wa dini moja waliojitayarisha kuandamana juu ya waaskari wa Umoja wa Mataifa. Watu zaidi ya 50 walikufa. Lakini mara hii picha zilipigwa kwa simu, na watu wakaona waaskari wakitupa maiti ndani ya kamyo. Siku chache baadaye picha ile ilikuwa imezunguka dunia. Serkali ililazimika kusema, na katika Oktoba korti ya kijeshi ilimhukumu kolonele mmoja kifo. Sisi wakatoliki hatufurahii hukumu ya kifo, wala hatuiombi. Tunataka tu kuonyesha tofauti. Jimbo ni lile lile, na walioua ni waaskari wa serkali vilevile. Katika 1998 simu ya kupiga picha haikuwa mkononi mwa mtu. Katika 2023 ilikuwako.

Tena kuna neno la hofu. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulitesa sana Beni, Butembo na vijiji vyetu. Katika eneo lote la mashariki ulioingia, watu 2287 walikufa. Siku zile waandishi wa mbali walifika, pamoja na motokari nyingi. Watu wetu waliwauliza: tangu 2014 tunakatwa kwa mapanga, mlikuwa wapi? Swali lilikuwa la haki, na jibu si gumu. Ugonjwa unaweza kupanda ndege. Panga halipandi ndege. Hata juu ya Ebola yenyewe, Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari ya dunia nzima tarehe 17 Julai 2019, siku chache baada ya mgonjwa mmoja kufika Goma, mji mkubwa wenye mpaka na uwanja wa ndege. Ugonjwa ulikuwa kati yetu karibu mwaka mzima. Mtu anasikia upesi hatari inayokaribia mlango wake. Hii si chuki. Ni udhaifu wa mwanadamu, nasi pia tunao: ni nani kati yetu aliyejua habari za Matabeleland kabla ya kuzisoma hapa?

IV. Jina moja linafunika mengi

Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vinalia. Magazeti ya mbali yanapoandika juu yake, yanaandika jina moja: ADF, waasi waliotoka Uganda. Ni kweli kwamba watu wale wameua, tena wameua wengi sana, na hatutaki kumpunguzia mtu kosa lake. Lakini jina moja linaweza kuwa kama blanketi: aliyelala chini yake haonekani.

Tarehe 1 Februari 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwekea vikwazo jenerali mmoja wa jeshi la Kongo, Muhindo Akili Mundos, aliyeongoza vita katika eneo la Beni tangu Agosti 2014 mpaka Juni 2015. Shitaka lilikuwa zito: kwamba alitafuta wapiganaji wa zamani wa vikundi vya inchi, akawapa vitu, ili washiriki katika mauaji. Shitaka si hukumu ya korti, na haki inatuagiza kutofautisha mambo haya mawili. Lakini ni wangapi mbali waliolisikia? Aliyesoma neno "waasi" alifunga gazeti lake akidhani ameelewa yote. Hakuuliza tena nani aliyeacha njia wazi, wala nani aliyechelewa kwenda kuokoa watu huku kambi yake ilikuwa karibu. Habari ngumu inafupishwa, na katika kufupisha, sehemu ya serkali ndiyo inayoanguka kwanza, kwani kuithibitisha ni kazi ngumu zaidi.

Tena kifo kikubwa kinafunika kifo kidogo. Tarehe 2 Agosti 1998, miezi minne baada ya Kikyo, vita nyingine ilianza, na majeshi ya inchi nyingi yaliingia Kongo. Waliokuwa washirika mwezi wa Aprili walikuwa sasa adui. Katika moshi ule nani angekumbuka kambi moja ya Butembo?

V. Mashahidi wanajua bei

Sababu nyingine iko karibu zaidi nasi. Anayesema analipa. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliandika barua nyingi juu ya mateso ya watu wake. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Askofu mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu wa Butembo-Beni miaka thelathini, alisema wazi katika ujumbe wake wa Noeli 1999. Katika Februari 2000 waliotawala Bukavu siku zile walimzuia kurudi kwa kundi lake. Alikaa huku kwetu Butembo miezi saba kama mfungwa bila gereza.

Padri Vincent Machozi alikuwa wa shirika la Assomption, lililohubiri Injili katika inchi yetu tangu 1929. Yeye alitoa habari na picha za mauaji ya Beni na Lubero kwa intaneti, kusudi watu wa mbali wasiseme kwamba hawakuambiwa. Usiku wa Dominika ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, watu wenye silaha walimwua kule Vitungwe-Isale, karibu na Butembo. Mama mmoja wa kijijini akiisha kusikia vile, tutamlaumu namna gani akikataa kusema aliyoyaona?

VI. Maneno mawili ya kujibu

Pengine mtu atasema: sababu ni moja tu, wazungu hawatujali kwa kuwa sisi ni weusi. Tunajibu: ndani ya neno hili kuna ukweli, na ni ukweli wenye aibu kwa wale wanaohesabu maiti kwa rangi. Lakini halitoshi. Watu wa Goma ni weusi kama watu wa Butembo, na habari zao za 2023 zilisikika. Anayesema "ni rangi tu" anajipumzisha, kwani hawezi kubadili rangi yake, na hivi hana kazi tena.

Mwingine atasema: kujulikana kunafaa nini? Maiti haifufuki kwa gazeti. Tunajibu: ni kweli, haifufuki. Lakini serkali isiyoonwa inajifunza kwamba inaweza kurudia. Tena mtu aliyeuawa bila kuandikwa anauawa mara ya pili, maana kesho mwenye muhuri atasema kwamba hakuwako hata siku moja.

VII. Lililo mikononi mwetu

Katika sababu zote tulizotaja, nyingi hatuziwezi. Hatuwezi kubadili urafiki wa wakubwa, wala mfuko wa magazeti. Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi tutafute fimbo iliyo karibu.

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa juu ya maovu yaliyotendwa Kongo tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003. Ndani yake kuna matukio 617, na mauaji ya Kikyo ni moja kati yao. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Magazeti ya dunia yalisema sana juu ya ripoti ile, hasa juu ya wakimbizi wa Rwanda. Kikyo ilibaki maneno machache kati ya kurasa zaidi ya 500. Hata hivi, imeandikwa. Na iliandikwa namna gani? Wachunguzi walisikiliza mashahidi zaidi ya 1200, wakakusanya hati zaidi ya 1500. Kati ya hati hizo zimo zilizoandikwa na watu wa vyama vidogo vya inchi yetu, waliokaa usiku kuandika bila kujua kama mtu atasoma. Dunia ilipokuja kuuliza, ilikuta karatasi. Ni vilevile kama Zimbabwe.

Sasa, wandugu, Eklezia ina karatasi katika kila parokia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha wafu. Kitabu cha wafu mara nyingi ndicho kinachosahauliwa. Tunakiona kama kazi ya ofisi tu. Kumbe katika inchi kama yetu, kitabu kile ni ushuhuda. Siku moja tutakuwa mapadri wa Eringeti, wa Oicha, wa Mbau, wa Lubero. Tujifunze tangu leo kukiandika vema.

Kwanza, tuandike jina, kijiji, umri na siku. "Watu wengi walikufa" si habari. Jina la mtu ni habari.

Pili, tutofautishe tuliloliona, tuliloambiwa na aliyeona, na lile linalosemwa tu njiani. Mambo haya matatu hayana uzito mmoja.

Tatu, tusiongeze hesabu. Waliouawa wakiwa 30, tuandike 30. Pengine tunadhani kwamba 300 itasikika zaidi. Lakini mgeni akigundua uongo mmoja, atatupa ukweli wote, na muuaji atashukuru. Amri ya nane haina ruhusa kwa wenye huzuni.

Nne, tulinde mashahidi. Majina yao yasikae katika karatasi inayopita mikono mingi. Tena nakala isikae fasi moja tu: nyumba inaweza kuchomwa, padri anaweza kuuawa.

Tano, tutumie njia ya Eklezia. Padri anamwambia askofu, askofu anawaambia maaskofu wenzake, na Eklezia ya mbali inaweza kusema pale ambapo sisi tumezibwa kinywa. Askofu mkuu Kataliko alipofungiwa njia, wakristu wa Bukavu na maaskofu wengi hawakunyamaza, na katika Septemba 2000 alirudi katika kiti chake, kabla ya kufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule.

Mwisho, tukumbuke watoto wa Betlehemu. Herode alikuwa serkali, na waliotumwa walikuwa waaskari wake. Kijiji kilikuwa kidogo, Roma ilikuwa mbali, nao wakubwa wa Roma walikuwa rafiki za Herode. Ni Mtakatifu Mateo peke yake aliyeandika habari ile. Hata leo, kila tarehe 28 Desemba, Eklezia nzima inawakumbuka, kwa sababu mtu mmoja aliandika.

Basi tunaombana neno dogo. Katika likizo ijayo, kila mmoja wetu wa Butembo awaulize polepole wazee wa nyumba yake: katika Aprili 1998, nani alipelekwa Kikyo asirudi? Wasipotaka kusema, tusiwalazimishe. Wakisema, tuandike jina, tulilete, tuliombee katika Misa. Mungu awape raha ya milele.